Likizo ya Kitinda Mimba

Mama aliporudishwa nyumbani kutoka hospitali, uvimbe wa miguu ulikuwa umepungua kiasi cha kuweza kuvaa tena kandambili zake, na hilo peke yake likawatosha majirani kusema amepona. Hakuwa amepona. Moyo wake, kama daktari alivyoeleza, ulikuwa umechoka kusukuma damu, na dawa alizopewa zilikuwa za kuusaidia kubeba mzigo, si za kuurudishia ujana. Akalazwa chumba cha mbele, walikokuwa wakilala wajukuu zake mapacha, akiwa ameegemezwa kwenye mito mitatu, maana akilala chali pumzi ilimkata.

Jumapili ile walikaa watatu sebuleni. Mwanawe mkubwa, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi kwa sababu ya kazi yake ya kutengeneza mafriji. Binti yake, mshonaji wa sare za shule. Na mke wa Fundi, aliyeajiriwa katika kitengo cha utafiti cha hospitali kuu, ambako kazi yake ilikuwa kukadiria wagonjwa wa moyo huishi muda gani baada ya kuruhusiwa kurudi makwao. Tangu aipate kazi hiyo wifi yake alimwita Takwimu. Lilianza kama jina la utani, hatimaye likawa jina tu.

Mlango wa chumba cha mbele ulikuwa umeegeshwa. Redio ya Mama ilikuwa ikisema peke yake huko ndani, kwa hiyo waliona wanaweza kuzungumza.

"Kitinda kapiga simu," Fundi alisema. "Anauliza aje sasa au angoje."

Kitinda alikuwa mdogo wao wa mwisho. Aliendesha kreni katika bandari moja ya mbali, nchi za watu, kwa mkataba uliompa likizo moja tu hadi utakapokwisha. Akiomba ya pili, wangemshukuru na kumtafuta mwingine.

"Angoje nini?" Takwimu akauliza, ingawa alijua.

Wifi yake alivuta uzi uliokuwa ukining'inia kwenye pindo la sketi yake, akaukata kwa meno.

"Mimi nasema angoje," alisema mwishowe. "Mtoto wa mwisho asipomzika mama yake, watu watatutafuna mpaka tuzeeke. Ila angoje mpaka lini, hapo ndipo sipajui. Yule daktari kijana kaniambia miezi sita."

"Alikuambia wapi?"

"Koridoni. Nilimzibia njia, akaona afadhali aseme apite."

Fundi alijikuna kidevu. Wote wawili wakamgeukia Takwimu, naye akajifanya anakunja kitambaa cha kiti ambacho kilikuwa kimeshakunjwa.

"Wewe si ndiyo kazi yako?" Wifi alisema. "Unalipwa kujua watu watakufa lini. Watu wa nje unawahesabia, wa ndani unawakalia kimya?"

"Sijui mtu atakufa lini, wifi. Hakuna anayejua. Mimi nahesabu kundi."

"Basi mtie kwenye kundi."

Kulikuwa na jambo ambalo halikusemwa, na ndilo lililomlemea Takwimu. Wakati yeye akisoma, mapacha wakiwa hawajaanza hata kutambaa, Mama ndiye aliyewalea. Aliwaogesha, akawabeba mmoja mgongoni mmoja kiunoni, akapika, na mkwewe aliporudi jioni na vitabu vyake alikuta chakula kimefunikwa. Hakuwahi kumsimanga kwa hilo. Shahada iliyokuwa ikidaiwa hesabu pale sebuleni ilikuwa, kwa namna moja, ya Mama mwenyewe.

"Piga tu hesabu, mke wangu," Fundi alisema kwa upole. "Kama ni kukosea, tukosee kwa kujua."

*

Kitengo cha utafiti kilipewa chumba mwishoni mwa jengo lililokuwa zamani la kufulia mashuka. Mabomba bado yalipita ukutani, hayana maji, na kila mtumishi mgeni alijigonga kichwa siku ya kwanza. Ndani kulikuwa na meza mbili. Moja ya Takwimu, nyingine ya mwenzake waliyemwita Dada wa Simu, ambaye kazi yake ilikuwa kuwatafuta wagonjwa waliopotea: wale walioandikishwa, wakaja kliniki mara kadhaa, kisha wakatoweka bila mtu kujua kama wamehama, wamepona, au wamekufa.

Asubuhi ile Dada wa Simu alimpata mmoja aliyekuwa amepotea tangu mwaka juzi. Akaifungulia simu sauti ili mwenzake asikie.

"Nani kasema nimekufa?" sauti ya mzee iliuliza.

"Hakuna aliyesema, mzee wangu. Tunataka kujua unaendeleaje."

"Naendelea kuchoka. Foleni yenu mtu anaanza kupanga alfajiri, daktari anamwona adhuhuri. Nikasema kama ni kufa, nitafia kwenye kiti changu, siyo kwenye benchi lenu."

"Kwa hiyo uko hai, mzee."

"Niko hai na nina kazi. Kwaheri."

Walicheka, lakini Takwimu aliendelea kumfikiria mzee yule. Yule daktari kijana, alipobanwa koridoni, alikuwa amesema alichokikumbuka, na mtu hukumbuka waliofia mikononi mwake. Mzee wa benchi hakuwamo katika kumbukumbu ile. Katika hesabu za Takwimu alikuwamo. Hawakumwandika kuwa amekufa, wala hawakujidai kujua habari zake za baadaye. Walimhesabu hai hadi siku ya mwisho waliyomtia machoni, kisha wakamwachia hapo. Ukiwatupa watu kama yeye, ukabaki na waliokufa tu, utadhani kila mgonjwa hufa upesi. Ila nako kuna mtego. Wapo wanaotoweka kwa sababu wamechoka foleni, na wapo wanaotoweka kwa sababu hawawezi tena kuinuka kitandani. Ndiyo maana Dada wa Simu alipiga simu mchana kutwa, akitukanwa na kuombewa dua kwa zamu.

Mwenzake alipotoka kwenda kununua chai, Takwimu alimwingiza Mama kwenye kompyuta. Umri. Hali ya figo. Uvimbe. Nguvu ya moyo kusukuma. Alikuwa amefanya hivyo kwa mamia ya watu bila mkono kusita, leo akakosea umri mara mbili. Mstari ukajichora kwenye kioo, ukishuka kwa vidato kutoka juu kushoto. Nusu ya watu waliofanana na Mama walikuwa bado wapo mwaka ulipotimia. Lakini vidato vya mwanzoni, ile miezi ya kwanza baada ya kutoka hospitali, ndivyo vilivyokuwa virefu, vya kuvunja mtu shingo. Baada ya hapo mteremko ulipungua ukali. Na Mama alikuwa ndiyo kwanza ametoka hospitali.

Akauzima mstari kabla mwenzake hajarudi.

*

Alimweleza mumewe gereji, katikati ya mafriji yaliyofunuliwa migongo.

"Chukua watu mia wanaofanana na Mama. Kama hamsini hivi watauvuka mwaka."

"Kwa hiyo mwaka."

"Hapana. Hamsini hawauvuki. Na wengi wao huondoka mapema, miezi hii hii. Akiivuka hii, hesabu yake inaanza upya, inakuwa nzuri kuliko ya leo."

"Sasa Mama yuko hamsini ipi?"

"Hilo ndilo nisilolijua."

Fundi aliiweka bisibisi chini, akajifuta mikono kwa tambara ambalo lilikuwa chafu kuliko mikono yenyewe. "Mteja akiniuliza friji lake litakaa muda gani, namwambia miaka miwili. Hata mimi sijui. Lakini siwezi kumwambia nusu ya mafriji yatakaa, nusu yatakufa. Ataniona nina wazimu."

"Na likifa kesho?"

"Anarudi kunitukana, basi."

Jioni, akiwa jikoni, alimsikia mumewe akizungumza kwa simu uani. "Shemeji yako kapiga hesabu," alikuwa akisema. "Mwaka upo. Tulia huko, fanya kazi."

Akatoka na mwiko mkononi. "Sikusema hivyo."

Fundi alifunika simu kwa kiganja. "Ulisema mwaka."

"Nilisema nusu."

"Usimchanganye, yuko peke yake huko," alisema, akarudi kwenye simu. Akaongeza, kwa sauti ya mtu aliyepata pa kuegemea, "Ndiyo, amesema mwenyewe. Si unajua ni kazi yake."

Akarudi jikoni. Mboga ilikuwa imeanza kushika chini.

*

Kumwogesha Mama ilikuwa kazi ya Takwimu, kwa kuwa Mama hakutaka mwingine. Alikaa kwenye kigoda bafuni, mgongo wake mwembamba umeinama, na kila baada ya muda walisimama ili apumzike. Siku ile, kwenye maji ya pili, Mama aligeuza kichwa.

"Redio yangu," alisema, "haina sauti kubwa kama mnavyodhani."

Takwimu aliacha kusugua.

"Umenipigia hesabu, mwanangu."

"Nimekupigia, Mama."

"Nimetoka ngapi?"

"Haitoki hivyo." Akamweleza, kama alivyomweleza Fundi, wale watu mia, hamsini zao mbili, na vile vidato vya mwanzo. Alitarajia Mama akasirike au alie. Mama alisikiliza kama anayesikiliza bei ya kitu asichokusudia kununua.

"Na Kitinda mmemwambia nini?"

"Kaka yake kamwambia mwaka upo."

"Ungekuwa wewe ungemwambia nini?"

Takwimu alimimina maji polepole juu ya bega lake. "Ningemwambia miezi hii ndiyo mibaya."

"Nipe simu."

"Una sabuni mwilini, Mama."

"Sabuni haisikii. Nipe simu."

Alimpa, akamfunika kanga mabegani, akashika mlango usifunguke. Kitinda alipokea mara moja, kwa hofu, kama wapokeavyo simu za nyumbani watu walio mbali.

"Sijafa," Mama alimwambia. "Wewe unangoja nini huko? Usiniletee habari za mwaka. Nakuuliza, unataka kuja kuniona mimi, au kuja kuona watu wakilia? Mazishi yana watu wengi, hata usipokuwepo litachimbwa kaburi. Huku ndiko kuna nafasi." Pumzi ilimkata, akaisubiri irudi. "Njoo nikiwa nakula."

Akarudisha simu ikiwa imelowa. "Haya, malizia mgongo."

*

Wifi alipopata habari hakupiga kelele. Alisema tu, "Umemtia Mama maneno bafuni," kisha akaacha kumsalimia. Alipokuja kumwona mama yake alipita sebuleni kama anayepita mbele ya duka lililofungwa. Kwa ndugu alikuwa na maneno zaidi. Haikuchukua muda Mjomba, kaka yake Mama, alimpigia Takwimu simu akiwa kazini.

"Nasikia siku hizi wewe ndiye unayepanga vifo vya ukoo."

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Na mimi umeshanipanga?"

Alicheka, lakini hakuwa anatania. Dada wa Simu, aliyezoea kutukanwa na wagonjwa wa watu, alimtazama mwenzake akiiweka simu chini, akamsogezea kikombe chake cha chai bila kuuliza.

Kitinda alikuja. Alikuwa amenenepa shingo, ananukia manukato, na siku za mwanzo alitembea kwa ncha za vidole na kuongea kwa kunong'ona, mpaka Mama akamwuliza, "Unamnong'onea nani, kuna maiti humu?" Baada ya hapo alikuwa Kitinda yule yule. Alilala kwenye kiti mdomo wazi mchana. Aligombana na mama yake juu ya sigara. Alijaribu kurekebisha mlango wa bafuni, ukawa haufungi kabisa, na kaka yake akalazimika kuurudia.

Mtu aliyetegemea makubwa angevunjika moyo. Hakukuwa na wosia wala maneno mazito. Asubuhi moja Takwimu aliwakuta barazani, Mama kwenye kiti, Kitinda ameketi chini na mguu wa mama yake mapajani, anamkata kucha. Kucha zilikuwa nene, ngumu kama pembe, na miguu ilikuwa imeanza tena kuvimba. Alikata kidogo kidogo, ametoa ncha ya ulimi kama mtoto anayejifunza kuandika.

"Ukinitoa damu nakuchapa," Mama alisema.

"Utanikimbiza na miguu gani?"

Mama alicheka mpaka akakohoa, na Kitinda alingoja, kamshika kisigino, mpaka kikohozi kikapita.

Siku ya Kitinda kuondoka, Mama alikataa kusindikiza mtu. "Nenda, gari linangoja," alisema, akaiongeza sauti redio. Garini Kitinda alimshika shemeji yake mkono kwa mikono yote miwili, akataka kusema kitu, akaishia kuuliza kama mapacha wanahitaji viatu.

*

Kitinda alipokwisha kuondoka, Mama akapata nafuu, na nafuu ile ilikuwa ngumu kuliko ugonjwa. Alikula. Alitoka barazani mwenyewe akishika ukuta. Wifi alikuja na sare zake za kushona, akamtazama mama yake akimenya vitunguu, kisha kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu akamsemesha wifi yake. "Unaona sasa? Angengoja. Ametupa likizo yake bure."

Kila mwezi ulipopita Takwimu alijikuta anakishuka na kukiacha nyuma kidato kimoja cha ule mstari. Alikuwa mtu wa kujua kwamba kundi si mtu, na bado alianza kutumaini kama mjinga yeyote. Alinunua shuka jipya kwa kitanda cha Mama. Hakumwambia mtu kwa nini.

Mama alifariki asubuhi moja ya katikati ya juma, watoto wakiwa shule, ameegemea mito yake. Fundi ndiye aliyemkuta. Ilikuwa imepita kama nusu mwaka tangu atoke hospitali, karibu kabisa na alivyosema daktari wa koridoni.

Kitinda aliomba ruhusa, wakamnyima. Akasema ataacha kazi aje. Fundi alikaa na simu sikioni muda mrefu, macho yamemvimba, akamwambia, "Baki."

Nyumba ikajaa watu na viti vya kukodi. Walipotoka kuzika, wanaume wameketi chini ya turubai, Mjomba alisafisha koo na kuuliza kwa sauti ya kusikika hadi jikoni, "Kitinda mimba yuko wapi? Mama huzikwa na mtoto wake wa mwisho. Au naye alipigiwa hesabu?"

Vichwa viligeuka mlangoni, alikokuwa amesimama Takwimu na birika la maji. Alimtazama mumewe. Fundi alikuwa anaangalia viatu vyake, vyenye udongo mbichi wa makaburini. Takwimu alijua mumewe atakachosema, kama alivyomwambia Kitinda kwenye simu. Amesema mwenyewe, ni kazi yake. Lilikuwa jibu jepesi na lilikuwa karibu, na mume wake alikuwa mtu aliyechoka.

"Alikuja, Mjomba," Fundi alisema. "Mama alimwita mwenyewe, akiwa hai, akamjia. Alimkata kucha za miguu." Alikung'uta udongo wa kiatu kimoja. "Mimi nimekaa na Mama nyumba moja miaka yote hii, sijawahi kumkata kucha."

Mtu mmoja akaomba maji, na Takwimu akampelekea.

*

Alasiri, watu walipopungua, alibaki uani na wifi yake mbele ya mabeseni ya vyombo. Mmoja aliosha, mwingine alisuuza.

"Daktari alipatia," Wifi alisema.

"Ndiyo."

"Na wewe ulisema nusu wanauvuka mwaka."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo Mama alikuwa wa nusu ile nyingine."

"Alikuwa wa ile nyingine."

Wifi aliishika sahani ndani ya maji bila kuiosha. "Siku ile sebuleni. Ulikuwa hujui yuko nusu ipi? Kweli kabisa?"

"Sikujua, wifi. Mpaka juzi nilikuwa natumaini."

Wifi alimtazama. Uso wake ulikuwa umechakaa kwa kilio, na ndani ya uchovu ule palikuwa na kitu kama aibu.

"Mimi nilidhani unajua," alisema. "Wakati wote huu. Nilidhani unajua, hutaki tu kutuambia."

Takwimu akatikisa kichwa. Mkono wake uliendelea kuzungusha kitambaa kwenye sahani iliyokwisha takata.

Wifi alimpokonya sahani ile taratibu, akasogeza kigoda alichokuwa amekalia yeye, akakisukuma kwa mguu mpaka karibu yake.

"Kaa," alimwambia. "Tangu asubuhi umesimama. Nitamalizia mimi."